Kunde za Ganda na bakteria asiye na jina

Mwezi wa Mei mwaka juzi, masika yakiwa yamekolea, nilikwenda Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, kumwomba shangazi yangu ruhusa ya kung'oa mikunde kumi katika shamba lake. Nilimkuta ameinama kati ya mihogo, kanga ameifunga kiunoni, na baada ya shikamoo na marahaba na habari za watu wa nyumbani nikamweleza haja yangu. Alinitazama kwa muda bila kusema neno, kwa sababu mikunde ilikuwa imeanza kutoa maua, na hakuna mkulima anayefurahi kuona mmea uliofikia hapo uking'olewa. Mwishowe akasema, "Chukua, mwanangu, lakini uniambie unatafuta nini." Nilimwonyesha mizizi ya mkunde wa kwanza, iliyokuwa na vifundo vya mviringo vikubwa kama punje za mtama, vimeshikamana kandokando. Akaniambia kwamba hivyo ni vipele, na kwamba miaka yote ameviona na kuamini kuwa ni ugonjwa.

Maneno yake yalikuwa na msingi, kwa maana upo ugonjwa wa mizizi ambao kwa mtu anayetazama kwa haraka unafanana na hali hiyo. Minyoo wadogo mno wa udongoni huingia ndani ya mzizi na kuufanya uvimbe, na uvimbe huo ni sehemu ya mzizi wenyewe, hauondoki mpaka uukate. Kifundo cha bakteria huota ubavuni mwa mzizi, na ukikisukuma kwa kucha kinabanduka kizima. Nilibandua kimoja nikakipasua mbele yake. Ndani kilikuwa chekundu, wekundu wa mnofu wa jodari aliyekatwa sasa hivi, na shangazi alikipokea kwa ncha za vidole akakigeuzageuza kwenye mwanga kana kwamba amepewa kipuli cha kukagua.

Wekundu huo unatokana na protini iitwayo legihemoglobini, ambayo ni ya ukoo mmoja na ile inayoipa damu yetu rangi. Kazi yake ni kuishika oksijeni ndani ya kifundo na kuigawa kidogo kidogo, kwa sababu bakteria wanaihitaji ili wapumue, ilhali nitrojenasi, yaani kimeng'enya wanachotumia kuigeuza nitrojeni ya hewa kuwa amonia, huharibika kikikutana na oksijeni nyingi. Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni nitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ilivyo. Mkunde huipata kupitia wapangaji hawa wa mizizini, nao huwalipa kwa sukari inayotengenezwa na majani. Kifundo ambacho ndani ni cheupe au cha kijani hakifanyi kazi hiyo, ama kwa kuwa bado ni kichanga, ama kimezeeka, ama kimekaliwa na bakteria asiyefaa. Nilimweleza shangazi mambo haya palepale shambani kwa maneno mepesi zaidi, naye akaniuliza swali ambalo limenishughulisha tangu siku hiyo: "Sasa huyo aliyemo humu anaitwa nani?"

Ningeweza kumjibu kwamba ni Bradyrhizobium, na nisingekuwa nimekosea. Mholanzi Martinus Beijerinck ndiye aliyefanikiwa kwa mara ya kwanza kumtenga bakteria wa vifundo na kumwotesha peke yake, mwaka 1888, na mwaka uliofuata Albert Bernhard Frank akaanzisha jenasi ya Rhizobium. Kwa miongo mingi bakteria wote wa vifundo vya jamii ya kunde waliwekwa humo, hadi mwaka 1982 wale wanaokua polepole walipotengewa jenasi yao, na jina lao likatanguliziwa neno la Kigiriki lenye maana ya upole wa mwendo. Bakteria wa mikunde wengi ni wa jenasi hiyo. Lakini jenasi ni kama jina la ukoo, linakuonyesha nyumba aliyotoka mtu na kukuacha mlangoni. Shangazi aliuliza juu ya yule aliyekuwa kiganjani mwake.

Nilikuwa na sababu ya kudhani kwamba huenda hana jina. Kunde ni zao lililozaliwa katika bara hili la Afrika, na mahali mmea ulikokaa kwa maelfu ya miaka ndipo panapotazamiwa kuwa na aina nyingi za bakteria waliozoeana nao, ilhali spishi nyingi za Bradyrhizobium zilizoelezwa kwanza zilitokana na soya na mimea mingine ya Asia. Wachunguzi walipoanza kutazama vifundo vya kunde nchini Namibia walipata spishi mpya mbili kwa mfululizo, Bradyrhizobium kavangense mwaka 2015 na Bradyrhizobium vignae mwaka 2016. Aidha mkunde si mmea mchaguzi, huwapokea bakteria wa aina nyingi. Kichanga cha Ganda, chenye chumvi ya upepo wa bahari na joto la mwaka mzima, sikuona kwa nini kisiwe na wakazi wake.

Kumtoa bakteria ndani ya kifundo ni kazi ya usafi kuliko kitu kingine chochote. Nje ya kifundo kumejaa vijidudu vya udongo, na gramu moja tu ya udongo wa shamba inaweza kubeba bakteria wanaofikia bilioni moja, wote wakiwa tayari kuota mahali ambapo umemwandalia mwingine. Kifundo huchovywa katika spiriti kwa muda mfupi sana, kisha katika jiki iliyozimuliwa kwa dakika chache, halafu husuuzwa kwa maji yaliyochemshwa kwa mvuke wa shinikizo, mara sita au saba. Maji ya msuuzo wa mwisho nayo huwekwa kwenye sahani ya kuoteshea, na yakiota kitu, basi usafi haukufaulu na kila kilichotoka katika kifundo hicho kinatiliwa shaka. Mimi nilipuuza sahani hiyo katika awamu ya kwanza. Baada ya siku moja niliona makundi makubwa ya rangi ya maziwa, yenye kingo zilizochakaa, na kwa siku mbili nzima nilidhani nimepata kitu, mpaka mwenzangu wa maabara aliponiuliza kwa upole msuuzo wangu unasemaje. Ulikuwa umeota makundi yaleyale. Walikuwa ni bakteria wa kawaida wa udongo wanaotengeneza viini sugu, ambao jiki yangu ilikuwa dhaifu mno kwao. Tangu hapo sijawahi kuanza kutazama sahani nyingine kabla ya kuitazama ile ya msuuzo.

Chakula tunachowapa ni mchanganyiko wa dondoo la hamira, sukari iitwayo manitoli na chumvi kidogo, ukigandishwa kwa agari. Agari hutengenezwa kwa mwani mwekundu, na mimi niliyekulia kando ya bahari, nikiona mwani ukirundikana ufuoni hadi watu wakalalamikia harufu yake, sikujua mpaka nilipokuwa mtu mzima kwamba maabara zote za vijidudu duniani zimesimama juu yake. Aliyependekeza matumizi hayo alikuwa Fanny Hesse, katika miaka ya mwanzo ya 1880, wakati mumewe alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch mjini Berlin na jelatini yao ikiyeyuka kwa joto la kiangazi. Yeye aliijua agari kutoka jikoni kwake. Joto la Malindi lingeiyeyusha jelatini siku yoyote ya mwaka.

Ndani ya agari hiyo hutiwa rangi inayoonyesha uchachu. Wale wanaokua haraka huifanya iwe ya manjano kwa asidi wanayoitoa, na wale wa polepole huigeuza kuwa ya buluu. Sahani zangu zilikaa katika nyuzi 28 kwa siku tatu, nne, tano, bila ya kitu. Katika siku ya saba niliona buluu kabla sijaona bakteria wenyewe, duara hafifu kama doa la wino lililofuliwa. Siku ya nane yakaonekana makundi, kila moja dogo kuliko kichwa cha pini, jeupe lisilopitisha mwanga, limejikusanya juu kama tone la tui zito lililoachwa likaganda. Nimeyatazama makundi mengi ya bakteria tangu nianze kazi hii, na sijui kwa nini yale ya siku ya nane yalinigusa vile. Nadhani ni kwa sababu niliyangoja.

Vifundo thelathini vilinipa bakteria ishirini na watatu waliokuwa safi baada ya kuchorwa upya, yaani kupakwa kwa mistari, kwenye sahani mpya mara nne. Upimaji wa rangi alioubuni Hans Christian Gram mwaka 1884 ulinionyesha vijiti vya waridi, kama ilivyotarajiwa. Kisha nilifanya lile jaribio ambalo bila yake sithubutu kusema kwamba bakteria huyu ni wa kunde: nilipanda mbegu zilizosafishwa katika mchanga uliotakaswa, nikaipa baadhi ya miche bakteria mmoja mmoja na mingine nikainyima. Baada ya wiki tano miche iliyonyimwa ilikuwa na majani ya manjano kama karatasi ya zamani. Iliyopewa ilikuwa ya kijani, na mizizi yake ina vifundo vyekundu ndani. Wawili kati ya wale ishirini na watatu hawakutoa kifundo hata kimoja, nikawaondoa.

Hapo ndipo kazi ya uainishaji inapoanza, na ndipo nilipojifunza kwamba upya wa kiumbe hauonekani kwa kumtazama yeye. Unaonekana kwa kuwatazama wengine wote waliokwisha kupewa majina, na kuthibitisha kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliye yeye. Mimi kutomjua bakteria fulani hakumfanyi awe mpya. Kwa hiyo muda mwingi nilioutumia haukuwa wa kumchunguza bakteria wangu, ulikuwa wa kusoma maelezo ya bakteria wa watu wengine.

Kipimo cha kwanza ambacho kila mtu hukitumia ni jeni iitwayo 16S, yenye herufi za vinasaba zipatazo 1,500, ambayo kila bakteria anayo kwa kuwa ni sehemu ya mtambo wa kutengenezea protini. Carl Woese na George Fox waliitumia molekuli hiyo mwaka 1977 kuonyesha kwamba kuna himaya nzima ya viumbe, akea, ambayo ilikuwa imechanganywa na bakteria. Kwa kawaida, bakteria wako akifanana na jirani yake wa karibu kwa chini ya asilimia 98.7 katika jeni hiyo, una haki ya kuanza kufikiri kwamba ni spishi nyingine. Nilipopata matokeo yangu, wote walifanana kwa zaidi ya asilimia 99 na Bradyrhizobium yuanmingense, iliyoelezwa mwaka 2002 kutokana na mmea wa China, na vilevile na majirani zake kadhaa kwa wakati mmoja. Mtu asiyeifahamu jenasi hii angefunga daftari hapo na kuandika kwamba kunde za Ganda zina bakteria wa Kichina.

Lakini katika jenasi ya Bradyrhizobium jeni ya 16S ni shahidi asiyesema kitu. Spishi ambazo kwa vipimo vingine ni tofauti kabisa hukaribia kufanana nukta kwa nukta katika jeni hiyo, kwa sababu imebadilika polepole mno. Watu wa pwani tunalielewa jambo hili vizuri kwa mfano wa lahaja. Mtu wa Lamu na mtu wa Mombasa wote wawili husema "mtu" na "nyumba", kwa hiyo ukiwasikiliza katika maneno hayo peke yake huwezi kuwatenganisha. Mwache kila mmoja aombe maji, na wa Lamu atasema "mai". Katika Bradyrhizobium maneno ya namna hiyo ni jeni nyingine za kazi za kila siku za seli, kama vile recA, gyrB, glnII, atpD na rpoB, ambazo husomwa kwa pamoja na kulinganishwa. Nilipozisoma, ule umati mmoja uligawanyika. Wengi walikwenda kukaa pamoja na spishi zilizokwisha kuelezwa, na wanne wakabaki pembeni katika tawi lao, karibu na wenzao lakini nje ya mlango.

Kati ya hao wanne, mmoja niliyempa alama ya G7 ndiye ambaye jenomu yake yote, yaani jumla ya vinasaba vyake, imesomwa hadi sasa. Jenomu za jenasi hii ni kubwa kwa bakteria. Ile ya aina maarufu ya bakteria wa soya, USDA 110, iliyochapishwa mwaka 2002, ina herufi milioni 9.1. Historia ya aina hiyo ninaipenda, kwa sababu kwa miaka mingi ilisomwa na kutajwa duniani kote kama Bradyrhizobium japonicum, mpaka mwaka 2013 ilipoonekana kwamba inastahili spishi yake, ikaitwa Bradyrhizobium diazoefficiens. Bakteria aliyechunguzwa kuliko ndugu zake wote alikuwa akiitwa kwa jina la jirani.

Zamani mpaka wa spishi uliamuliwa kwa kuchanganya vinasaba vya bakteria wawili katika maji ya moto na kupima vinashikana kwa kiasi gani, na tangu mwaka 1987 mpaka uliokubaliwa ulikuwa asilimia 70. Ilikuwa kazi ngumu, na maabara mbili ziliweza kupata majibu yanayopishana. Siku hizi jenomu mbili hulinganishwa kwa kompyuta kipande kwa kipande, na wastani wa kufanana ukiwa chini ya asilimia 95 au 96, bakteria hao huhesabiwa kuwa spishi mbili. G7 alikuwa chini ya 95 kwa kila mmoja niliyemlinganisha naye. Nililirudia hesabu hilo usiku huo mara tatu, nikitafuta kosa, na bado sijaridhika kutangaza kitu. Spishi mpya za jenasi hii huelezwa mara kwa mara, na orodha niliyoitumia mwaka jana leo ina upungufu. Namba yenyewe pia haitoshi. Maelezo ya spishi hudai pia uonyeshe bakteria anakula nini na hali gani, anavumilia chumvi na joto kiasi gani, mafuta ya utando wake ni ya aina zipi, na anaingia katika mizizi ya mimea ipi zaidi ya kunde.

Nafika sasa kwenye jambo lililoniumiza. Bakteria wangu wote ishirini na mmoja walikuwa wamehifadhiwa katika gliseroli ndani ya friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, katika jengo nililopewa nafasi na ambalo sitalitaja. Umeme ulikatika wikendi ya Idi. Jenereta haikuwaka, na hakuna mtu aliyekuwepo wa kuona kwamba haikuwaka. Tuliporudi siku ya nne, vichupa vilikuwa vimeyeyuka vyote na friza inanuka kama soko la samaki baada ya magharibi. Bakteria wengine huvumilia kuyeyuka, na niliokoa baadhi. Kumi na wawili hawakuota tena kwa chakula chochote nilichowapa, wakiwemo watatu kati ya wale wanne wa tawi la pembeni. G7 alibaki kwa sababu mwenzangu, yuleyule wa sahani ya msuuzo, alikuwa amemchora kwenye mrija wa agari kwa ajili ya somo la wanafunzi na kumsahau katika friji ya kawaida. Nilipouona mrija ule, wenye utando mweupe uliokauka kingo, nilikaa kitini nikashindwa kusema.

Tangu wakati huo naisoma kwa macho mengine ile kanuni ya kimataifa ya majina ya bakteria. Kanuni hiyo haikubali jina jipya mpaka bakteria wa mfano, yaani yule ambaye jina limefungwa kwake, awe amewekwa hai katika hifadhi mbili za umma zilizo katika nchi mbili tofauti, na hifadhi hizo zitoe hati ya kuthibitisha kwamba amepokelewa, ni mzima, na mtu mwingine anaweza kumpata. Hapo mwanzo niliuona ni urasimu. Majina ya zamani yaliyokuwa yametolewa bila mpango yalichujwa, na orodha iliyokubaliwa ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1980. Mengi yaliyoachwa nje yalikuwa na maelezo yasiyotosha kumtambua kiumbe, au kiumbe mwenyewe hakuwa na mahali anapopatikana tena. Mwaka 2022 ulianzishwa utaratibu mwingine unaoruhusu jenomu peke yake iwe mfano, kwa faida ya bakteria wengi ambao hakuna aliyeweza kuwaotesha. Ninauelewa umuhimu wake, maana wengi wa udongoni hawakubali sahani zetu. Hata hivyo, kwa bakteria anayeweza kuoteshwa, moyo wangu uko upande wa mrija. Jenomu za wale watatu waliokufa hazikuwa zimesomwa, na hata kama zingekuwa zimesomwa, nisingeweza kumpa mtu mwenye shaka kitu cha kupanda pamoja na kunde zake akaone mwenyewe.

Kumpeleka G7 nje ya nchi kuna sheria yake, na hapa najua wenzangu wengine huchoka. Kenya ilitunga kanuni za upatikanaji wa rasilimali za jenetiki na ugawanaji wa manufaa mwaka 2006, na mwaka 2014 ikaridhia Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu jambo hilohilo. Kwa hiyo zaidi ya kibali cha utafiti kuna kibali cha rasilimali yenyewe, ridhaa ya mwenye shamba iliyoandikwa na makubaliano ya kusafirisha vielelezo, na hifadhi ya nje nayo husisitiza kwamba bakteria wa mfano asifungiwe kwa masharti yatakayowazuia watafiti wengine. Kupatanisha madai hayo mawili kumenichukua miezi. Sioni kwamba sheria imekosea. Maziwa yetu ya magadi yamekwisha kutoa bakteria na akea waliobeba majina yake hadi leo, Bogoriella na Rhodobaca bogoriensis kutoka Bogoria, na akea Natrialba magadii kutoka Magadi, na vimeng'enya vya bakteria wa maziwa hayo viliingia katika viwanda vya nguo na sabuni ng'ambo hadi ukazuka mzozo mkubwa kuhusu nani alistahili kufaidika. Shangazi alipotia sahihi karatasi yake ya ridhaa aliisoma yote, akaniuliza maana ya maneno mawili, na akataka nakala abaki nayo. Ilikuwa haki yake.

Jina lenyewe sitalitaja hapa, kwa kuwa jina lisilochapishwa kwa utaratibu halina hadhi, na kulitangaza mapema huleta mkanganyiko tu. Nitasema kitu kimoja ambacho msemaji wa Kiswahili atakifurahia. Majina haya ni ya Kilatini, na Kilatini kina ngeli. Neno Rhizobium ni la jinsi isiyo ya kiume wala ya kike, kwa hiyo kivumishi cha mahali kinachofuata huishia kwa -ense, kama ilivyo katika kavangense na yuanmingense. Kwa Streptomyces, ambalo ni la kiume, mahali palepale pangeishia kwa -ensis. Watu wengi wa mataifa mengine hukosea hapo, na marekebisho ya viishio hivyo hayaishi. Sisi tunaosema mti mrefu, kiti kirefu na nyumba ndefu bila kufikiri hatuna haja ya kuelezwa kwa nini sifa inapaswa kumfuata mwenye sifa.

Bado kuna pengo kubwa. Maelezo ya spishi yanayotegemea bakteria mmoja tu yanakubalika, lakini ni dhaifu, kwa kuwa hayaonyeshi ni mambo gani ya spishi na ni yapi ya mmoja huyo. Kwa hiyo mwezi wa Novemba uliopita, vuli iliponyesha kidogo, nilirudi Ganda kutafuta ndugu zake. Shangazi alikuwa amepanda kunde katika pembe ileile, chini ya mikorosho. Hakungoja nimwombe. Alichimba kwa jembe dogo kuuzunguka mkunde, akauinua pamoja na bonge la udongo wake ili vifundo visibaki ardhini, akabandua kimoja, akakipasua kwa ukucha na kuninyoshea. "Huyu mzima," akasema, "tazama rangi yake." Alikuwa amekwisha kuweka kando mikunde mingine mitatu ambayo vifundo vyake vilikuwa vyeupe ndani, akanionyesha kwamba yote mitatu ilitoka upande wa kisima, mahali ambapo maji husimama baada ya mvua, jambo ambalo mimi sikuwa nimeliona wala kuliandika katika daftari langu mara ya kwanza.

Safari hii kila bakteria amehifadhiwa mahali patatu. Sahani za upande wa mikorosho ziligeuka buluu siku ya saba, na matone ya tui yakaonekana siku ya nane. Zile za upande wa kisima, hadi ninapoandika haya, ni siku ya kumi na moja na hazijaota kitu, na sahani ya msuuzo iko safi.